Godoro Jipya la Shangazi Namsifu

Enzi zetu, na najua wazee watacheka kumsikia mtu wa umri wangu anasema "enzi zetu", lakini sisi tuliokulia Mhezi miaka ile ya foleni za sukari tumeona mambo ambayo watoto wa leo ukiwasimulia wanadhani unawatungia. Enzi zetu godoro lilikuwa gunia. Mama anachukua magunia mawili ya kahawa, anayashona kwa shazia, anayajaza majani makavu ya migomba, basi, mnalala. Linawasha, lina viroboto, na ukijigeuza linapiga kelele kama mtu anatembea kichakani. Ila lilikuwa na joto, na kule kwetu juu karibu na msitu wa Shengena baridi si ya mchezo. Asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni.

Gunia langu nililalia na mdogo wangu Eliudi. Na Eliudi alikuwa anakojoa kitandani. Nalisema wazi tu kwa sababu mwenyewe siku hizi analisema, anacheka, na kila aliyekulia kijijini anajua kwamba nyumba ya kikojozi haikujificha. Alikuwa karibu kuanza darasa la kwanza. Mimi nilikuwa la nne, na kila asubuhi niliamka na gauni limeloa upande mmoja, naenda mtoni kujifuta kwa maji ya barafu kabla ya kwenda shule. Sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Kipande kikipatikana mama anakikata vidogo kama mtu anayegawa nyama ya Pasaka, na cha kwanza kinaenda kwenye shati la kanisani la baba. Sisi tulisugua nguo kwa majani ya mpapai. Povu unapata, harufu haiondoki.

Sasa gunia likiloa huwezi kulifua. Unatoa majani yote, unayatandaza, unaanika gunia, jioni unajaza tena. Kwa ukungu ule majani hayakauki upesi, kwa hiyo mengine mama aliyapandisha darini juu ya mafiga, na nyumba nzima, pamoja na makande, ikanuka Eliudi. Baba alikuwa akifunua chungu anavuta pumzi, anaangalia juu darini, anafunika tena. Halafu anakula, kwa sababu hakuna kingine.

Tatizo kubwa lilikuwa pa kuanika. Kwetu jua la kwanza lilipiga kwenye jiwe moja pana, na jiwe hilo lilikuwa kando ya njia ya kwenda kwenye ndiva. Ndiva ni lile bwawa letu la udongo, maji yanafungiwa jioni yajae usiku, alfajiri yanafunguliwa yashuke kwa mifereji mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Kwa hiyo alfajiri watu wote wenye zamu wanapita pale na majembe begani, na Eliudi yuko juu ya jiwe anatandaza majani yake, kwa sababu baba alisema aliyelowesha ndiye aanike.

Basi maneno yakawa hayo. Mzee mmoja jirani yetu, Baba Mbazi, hakuwahi kupita kimya hata siku moja.

"Mama Eliudi! Huyu wako anamwagilia bila zamu! Tutamtoza faini!"

Watu wanacheka, mama anacheka kidogo kwa heshima, Eliudi anaendelea kutandaza majani kama hajasikia. Watoto nao walikuwa na wimbo wao wa vikojozi, mnaujua, siurudii hapa.

Na ushauri ulikuwa mwingi. Mmoja alisema afungwe chura kiunoni, akimtikisa ataamka. Mwingine alisema atembezwe na gunia kichwani mpaka shuleni, eti mwanawe alipona siku hiyo hiyo. Bibi yetu mzaa baba, tuliyekaa naye nyumba moja, alisema mwacheni, baba yake naye alikuwa hivyo hivyo mpaka alipoota meno ya mbele. Baba akasema, "Mama, hayo si ya kusema mbele ya watoto," akatoka nje. Mama alikuwa na kauli yake moja tu, akisikia tunamzomea Eliudi anasema, "Mtoto hajafanya kosa, amelala." Lakini mama naye alikuwa amechoka, mlikuwa mnaona kwa namna anavyolikunja lile gunia.

Wakati huo ndiyo mambo yalikuwa yanaanza kufunguka huko chini barabarani. Ruksa, watu walisema, ruksa. Mitumba ikaanza kuja kwa robota, chumvi haipangiwi foleni tena, na shangazi yetu Namsifu, dada yake baba, aliyeolewa Lembeni, akaanza kuuza magauni ya mitumba siku za gulio. Akapata. Tukasikia kanunua redio. Tukasikia kanunua godoro la sponji. Sponji! Sisi tulikuwa tumeiona kipande tu, ya kufutia ubao shuleni, tena mwalimu alikuwa anaifungia kabatini.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi, tumetoka ibadani, tumesimama nje ya kanisa, akaja mtu aliyetoka Lembeni na salamu za shangazi. Mtu mwema, ila sauti yake ilikuwa ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Shangazi yenu anasema Krismasi mshuke wote, mkaone treni, mkale pilau. Ila yule wa kukojoa abaki na bibi. Godoro ni jipya."

Kicheko kilichotoka pale nakisikia mpaka leo. Hata mama mchungaji aliangalia chini, mabega yanatikisika. Eliudi alikuwa ameshika kanga ya mama. Aliifunika usoni, akabaki humo ndani mpaka tukafika nyumbani, mama anamwongoza kama kipofu.

Na ujue Eliudi alivyokuwa na treni. Hajawahi kuiona. Aliichora chini kwa kijiti, aliitengeneza kwa maganda ya ndizi, alikuwa anauliza kila mtu aliyewahi kushuka kama treni ina macho. Sasa anaambiwa abaki.

Jioni ile baba alisema, "Namsifu hakukosea. Kitu cha watu ni cha watu." Mama alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Akasema, "Wangu wakienda wataenda wote. Asipoenda Eliudi, hakuna anayeshuka."

Hapo na mimi nikaingia kwenye kesi. Pilau yangu, treni yangu, sponji yangu, vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye kibofu cha Eliudi. Niliona ni uonevu, lakini ungemwambia nani?

Basi kazi ikaanza. Cha kwanza, baba alipiga marufuku kunywa. Jua likishalala upande wa pili, Eliudi hapewi maji, hapewi uji, hapewi chai. Tukikaa jikoni jioni sisi tunakunywa, yeye anatuangalia. Na gunia likaloa vilevile. Likaloa zaidi, nikikumbuka vizuri. Baba akasema mtoto anaiba maji. Akaanza kufunika mtungi na kuweka jiwe juu ya kifuniko, aone kama litasogezwa. Jiwe halikusogea, gunia limeloa. Baba Mbazi anapita na jembe: "Naona leo kafungua milango yote!"

Mama ndiye aliyegundua, tena asubuhi anafagia. Miaka ile sukari hakuna, kwa hiyo chai tulikunywa kavu na tunasindikiza kwa muwa. Kila nyumba Upareni ilikuwa na miwa pembezoni mwa mfereji, jioni mnakaa kuzunguka moto mnatafuna, makapi mnatemea chini, asubuhi yanafagiwa. Mama akaona makapi ya kila mtu ni kilima kidogo, lakini pale kwenye kigoda cha Eliudi kuna mlima. Bibi alikuwa anamwonea huruma mjukuu wake kunyimwa chai, basi anamkatia pingili baada ya pingili, na Eliudi mwenye kiu anafyonza mpaka usingizi umchukue.

Mama alisimama na ufagio, akaita, "Baba Eliudi, njoo uone."

Baba akaja. Akaangalia. "Muwa si maji," akasema. "Muwa ni chakula."

"Kamua uone."

Baba kweli akachukua pingili, akaipiga kwa kisu, akaikamua juu ya kikombe kile cha bati. Alikuwa mtu wa kutaka kuona. Kikombe kikaelekea nusu kwa pingili moja. "Kumbe tumemnyima kikombe tumempa mtungi," akasema, na bibi kule kitandani kwake akasema kwa sauti, "Mnanisema mimi?"

Muwa wa jioni ukasimama. Sasa Eliudi anapewa chai yake mapema, jua bado lipo, ili asikae na kiu. Mambo yakapungua. Hayakuisha, yakapungua.

La pili nililijua mimi, kwa sababu nililala naye. Eliudi alikuwa anaamka. Si kwamba haamki, anaamka, halafu anajikunja palepale. Nilimuuliza asubuhi moja tukiwa kwenye jiwe tunatandaza majani, kwa sababu siku hizo na mimi nilikuwa namsaidia ili iende haraka.

"Kwa nini usitoke?"

"Perere."

Kama hujawahi kulala karibu na Shengena utaona ni upuuzi. Perere ni mnyama mdogo tu, hamfikii paka kwa ukorofi, anakaa juu ya miti. Lakini akilia gizani ni kama mtu anasagwa mifupa, anaanza chini chini, anapanda, anapanda, mpaka nywele zinakusimama. Na choo chetu kilikuwa chini ya migomba, upande wa msituni. Watu wazima wenyewe walitoka wakikohoa makusudi.

Nikamwambia mama. Mama akaleta kopo lililokuwa la maziwa ya unga, akaliweka kwenye kona karibu na gunia letu. Baba hakupenda. "Kukojoa ndani ya nyumba ni kwa mgonjwa," akasema. "Mtu mzima huyu." Mama akamjibu, "Mtu mzima gani anayechora treni chini? Mwache." Ila jambo moja baba alilifanya bila kuambiwa, na sikulielewa mpaka baadaye. Alihamisha uanikaji. Alichimbia nguzo mbili nyuma ya nyumba, kule jua linafika kwa kuchelewa, akafunga kamba. Majani yalichelewa kukauka, lakini Baba Mbazi akawa anapita kwenye jiwe tupu.

"Mbona leo hakuna mvua?" aliuliza.

"Uliza ndiva," baba akamwambia, akaendelea kunoa jembe lake.

Novemba ikapita, gunia likawa kavu asubuhi nyingi kuliko zilizoloa. Desemba lilikuwa kavu mfululizo mpaka Eliudi mwenyewe akawa anaamka analipapasa kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Baba akasema haya, tutashuka wote.

Safari sitaisimulia sana. Tulishuka kwa miguu alfajiri, magoti yanacheza, halafu lori la ndizi mpaka Same, halafu basi. Joto la tambarare lilitupiga kama tumefunua chungu. Eliudi alitapika kwenye basi akaendelea kuuliza kama reli imekaribia.

Shangazi Namsifu alitupokea vizuri, lazima niseme. Kila mtu shikamoo, kila mtu marahaba, pilau ikaiva, soda ikaja moja ya kugawana. Na tukaonyeshwa godoro. Lilikuwa na maua mekundu, nene, ukilibonyeza linarudi taratibu kama mkate. Nailoni ambayo lilikuja nayo alikuwa ameivua akaifanya kitambaa cha meza. Alimwangalia Eliudi, akamwangalia mama, mama akasema, "Ameacha." Shangazi akasema, "Haya, tumshukuru Mungu," kwa sauti ile ya mtu anayesubiri kuona. Mimi na Eliudi tukapewa tulale juu yake, heshima ya wageni. Kopo letu lilikuwa limebaki Mhezi. Hakuna aliyelikumbuka, na Eliudi hangeweza kuomba kitu kama kile mbele ya shangazi.

Asubuhi nilipoamka upande wake ulikuwa mtupu, na mkavu. Nikageuka. Eliudi alikuwa chini, kwenye saruji, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha kwenye msiba. Kabla sijamsemesha shangazi akaingia na vikombe vya chai.

"We Eliudi, mbona uko chini?"

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nimekuuliza, mbona uko chini?"

"Godoro ni jipya," Eliudi akasema.

Shangazi alisimama na vile vikombe. Unajua alikuwa mtu wa maneno, sokoni alikuwa anaweza kukuuzia gauni lisilo na mkono mmoja ukaondoka unashukuru. Pale akaweka tu vikombe juu ya meza.

"Umelala saa ngapi?"

"Sijalala."

"Panda juu ulale."

"Nitakojoa, shangazi."

"Panda nimekwambia. Kama ni kukojoa, kojoa."

Akamwinua mwenyewe, akamlaza katikati ya yale maua, akamfunika kanga yake. Eliudi alilala kabla kichwa hakijatulia. Ndiyo siku tuliyoambiwa treni ya abiria itapita kabla ya saa sita. Ikapita. Tukakimbia sote stesheni, nikaiona kwa macho yangu, ina kelele, ina moshi, watu wamening'iniza mikono madirishani wanauza na kununua. Mama alitaka kumwamsha Eliudi, shangazi akakataa. "Mtoto amekesha analinda mali yangu, leo mimi nimwamshe?"

Tuliporudi alikuwa ameamka, ameketi kando ya godoro, analia bila sauti. Ameloa. Maua yamekolea rangi katikati pale, duara kubwa.

Mama akasogea haraka achukue, shangazi akamzuia kwa kiwiko. Akalibeba godoro lake mwenyewe, kwa kichwa, akalitoa mpaka nje, akaliegemeza kwenye ukuta wa mbele, si wa nyuma, kwenye jua kali ambapo Lembeni nzima inaona. Jirani yake, Mama Rehema, mama mmoja aliyekuja na mumewe kutoka Songea enzi za kazi za mkonge, akanyoosha shingo juu ya ua.

"Namsifu, vipi tena, godoro jipya?"

"Nimemwaga maji ya kunawa, mwenzangu. Mikono yangu hii!"

Mama Rehema akaitazama kaptura ndogo niliyokuwa naisuuza. Akamtazama Eliudi mlangoni. Akasema, "Pole. Jua lipo, litakauka," akarudi kwenye mchele wake.

Hayo tu. Shangazi hakuomba radhi, watu wa kwetu hawana mazoea hayo kwa watoto. Alitafuta kopo la mafuta, akaliosha, akaliweka kwenye kona. "Hili lako," akamwambia Eliudi. "Ukija utalikuta." Tulikaa mpaka mwaka mpya, treni ya abiria haikupita tena siku hizo, Eliudi akalala juu ya sponji kila siku, na godoro halikuloa tena. Alipoanza shule alikuwa ameacha kabisa. Ukiniuliza ni lini hasa, hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamwangalia tena.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya asubuhi ya leo. Tangu nimalize Form Four nakaa hapa Same mjini kwa kaka yangu mkubwa, ambaye miaka ile alikuwa shule ya bweni, hata Krismasi ile hakurudi, kwa hiyo haya hayajui. Watoto wa hapa wana umeme, wana choo ndani, wana magodoro ya sponji hata matatu, na sabuni ya unga mpaka ya kuchezea mapovu. Perere hawajawahi kumsikia, wanaogopa mende. Muwa ukiwapa wanauliza unamenywaje. Na Lembeni ya Eliudi imebaki reli tu, nyasi zimeota katikati, treni ya abiria haipiti. Shangazi bado ana lile godoro, limekuwa bapa kama chapati, maua yamefifia, ila duara linaonekana. Eliudi akienda anaomba alale hapo hapo, miguu inatoka nje kwa urefu wake. Anasema yeye ndiye mtu pekee aliyekwenda Lembeni kuona treni akaiota.

Leo asubuhi binti wa kaka, Neema, mtoto wa chekechea, kalowesha. Wifi yangu si mtu mbaya, ana haraka ya kazini tu, lakini nilimsikia dirishani anampigia jirani kelele, "Njoo umwone bibi harusi, kafua usiku!" na jirani anacheka. Neema kajifunika shuka usoni. Nikaona kanga ya mama pale nje ya kanisa.

Nikaenda, nikamwambia Neema shuka chini. Nikalibeba godoro kichwani, zito, linanuka, nikapita nalo mbele ya wifi, nikalitoa mpaka kwenye ukuta wa mbele.

"Kulikoni?" jirani akauliza, tayari anacheka.

"Nimemwaga maji," nikamwambia.